Kipimo cha uvujaji wa silinda kwa pikipiki za zamani: kinachosema kuhusu ringi na kisichosema kuhusu moshi

Kwa mtu anayetunza pikipiki ya zamani, moshi wa bluu kwenye ekzosi huleta swali lenye gharama: je, ringi za pistoni zimekwisha, au oili inaingia kwenye chumba cha mwako kwa njia nyingine? Jibu likikosewa, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na silinda hufunguliwa bila sababu, gasketi zisizopatikana kirahisi huharibika, na baada ya kazi yote hiyo moshi unaweza kubaki palepale. Hapa ninatathmini kipimo cha uvujaji wa silinda chenye saa mbili za kusomea shinikizo, kile cha kawaida kinachouzwa ndani ya sanduku la plastiki pamoja na mpira wa hewa na viunganishi vichache, nami ninakitathmini kwa kazi hiyo moja tu ya kutafuta kwa nini injini inakula oili. Wauzaji hukisifu kuwa ni kifaa cha kujua hali ya ringi. Sifa hiyo ni ya kweli kwa sehemu, na ile sehemu iliyobaki ndiyo inayowapoteza watu.

Muundo wake ni rahisi kueleweka. Hewa ya kompresa hupita kwanza kwenye regyuleta inayoiweka katika shinikizo lisilobadilika, na saa ya kwanza husoma shinikizo hilo. Kisha hewa hupenya katika tundu jembamba lililotobolewa kwa kipimo maalumu. Baada ya tundu hilo ipo saa ya pili, halafu mpira unaofungwa kwenye shimo la plagi. Silinda ikiwa imeziba kabisa, saa zote mbili husoma sawa. Hewa ikiwa inatoroka ndani ya injini, tundu haliwezi kuifidia yote, na saa ya pili hushuka kwa kadiri ya uvujaji. Ukiingiza shinikizo la baa 6 (baa ni kizio cha shinikizo) na saa ya pili ikasoma 5.4, uvujaji ni asilimia 10.

Wengi tayari wana geji ya kawaida ya mgandamizo na watauliza kwa nini wanunue kifaa kingine. Geji ile ni nzuri kwa kulinganisha silinda mbili au nne za injini moja, na sishauri mtu aitupe. Hata hivyo, kwenye pikipiki ya kupiga kiki usomaji wake hutegemea mambo mengi yasiyohusiana na ringi: nguvu ya mguu, kabureta kufunguliwa hadi mwisho au kutofunguliwa, joto la injini, na hata mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari. Zaidi ya hapo, geji nyingi za bei ya chini zina vali ya kuzuia hewa kurudi iliyowekwa karibu na saa badala ya karibu na plagi, hivyo ujazo wote wa mpira huwa sehemu ya chumba cha mwako. Kwenye silinda kubwa hilo si tatizo, lakini kwenye silinda ndogo hupunguza usomaji kiasi cha kuifanya injini nzima ionekane imechoka.

Kuna pia ule mtihani maarufu wa kumimina oili kidogo kwenye shimo la plagi na kupima tena, ambapo mgandamizo ukipanda huhesabiwa kuwa ushahidi dhidi ya ringi, na usipopanda lawama huhamia kwenye vali. Mantiki yake ni sahihi, kwa kuwa oili huziba nafasi kati ya ringi na silinda lakini haiwezi kuziba vali. Tatizo liko kwenye ujazo. Injini ya sentimita za ujazo 125 yenye uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1 ina chumba cha mwako cha takriban sentimita za ujazo 15.6. Ukimimina mililita 5 juu ya pistoni, nafasi inayobaki ni 10.6, na uwiano unapanda hadi karibu 12.8 kwa 1 hata kama ringi zimetoka dukani siku hiyo. Saa itapanda, fundi atatangaza kuwa ringi zimekufa, na injini itafunguliwa kwa sababu ya hesabu iliyosahauliwa. Kwenye silinda ya sentimita za ujazo 325 yenye uwiano wa 8 kwa 1, yaani nusu ya injini pacha ya 650, chumba ni karibu 46, na kiasi kilekile cha oili hakileti udanganyifu mkubwa hivyo. Kipimo cha uvujaji hakina kasoro hii, kwa sababu pistoni imesimama na hakuna kitu kinachogandamizwa. Kinachopimwa ni njia za hewa kutoroka tu.

Matumizi yake yanahitaji uangalifu kuliko maelezo mafupi yanayokuja nacho yanavyodai. Injini ipashwe joto kwanza, kwa maana pistoni ya alumini ikiwa baridi huwa na nafasi kubwa ndani ya silinda ya chuma na ringi hazikai zinavyokaa safarini. Vali zote mbili ziwe zimefungwa, na nafasi ya tapeti ihakikishwe kabla ya kuanza, kwa kuwa tapeti iliyobana huacha vali wazi kidogo na kutoa uvujaji ambao ungetibiwa kwa spana na fila geji (mabamba membamba ya kupimia nafasi ndogo). Pistoni iwe juu kabisa mwishoni mwa mpigo wa mgandamizo. Hapa ndipo penye hatari. Chukua silinda moja ya BSA Gold Star ya 500, yenye kipenyo cha milimita 85: baa 6 juu ya pistoni hiyo ni nguvu inayozidi uzito wa kilo 340. Pistoni ikipita kilele kwa kiasi kidogo tu, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) huzunguka ghafla, na spana iliyoachwa kwenye nati, au mguu ulioachwa kwenye kiki, hupata pigo baya. Ninashauri kuweka gia ya juu, kufunga breki ya nyuma kwa mkanda, kuanza na shinikizo dogo, na kupandisha polepole baada ya kuona kwamba krenki imetulia. Karatasi ya maelezo niliyopata katika sanduku ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu jambo hili, nami naona huo ni upungufu mkubwa kuliko kasoro yoyote ya chuma au plastiki yake.

Faida kubwa ya kifaa haiko kwenye asilimia bali kwenye sikio. Hewa inayotoroka hupiga mluzi mahali inapotokea: kwenye kabureta ikiwa vali ya kuingizia haikai vizuri, kwenye ekzosi ikiwa ni vali ya kutolea, kwenye shimo la plagi ya silinda ya jirani ikiwa gasketi ya hedi imepasuka kati ya silinda mbili, na kwenye bomba la kupumulia au kifuniko cha oili ikiwa inapita kwenye ringi. Kwenye injini za zamani lazima ujue bomba la kupumulia limejengwaje kabla ya kuamini ukimya wake. Triumph za silinda mbili za kabla ya 1970, kwa mfano, zilikuwa na diski ya kupumulia inayozungushwa na kemshafti (mhimili unaofungua vali), ambayo hufunguka na kufungwa kwa wakati wake. Inawezekana kabisa kwamba pistoni ikiwa juu njia hiyo imefungwa, nawe ukasikiliza bomba kimya huku hewa imejaa ndani ya krenkikesi, yaani kasha la krenki. Fungua kifuniko cha roka (mikono inayosukuma vali) usikilize hapo, maana hewa hupanda kupitia mirija ya fimbo za tapeti.

Asilimia nazo zina thamani, mradi zisomwe kwa kiasi. Mafundi wengi huichukulia silinda yenye uvujaji wa chini ya 10 kuwa nzima, ya kati ya 10 na 20 kuwa imetumika lakini inafaa, na ya juu ya 30 kuwa inahitaji kufunguliwa. Kipimo nilichotathmini kimefuata desturi hiyo kwa kuchora rangi ya kijani, njano na nyekundu kwenye saa ya pili, na hapo ninakikosoa. Usomaji hutegemea upana wa lile tundu la ndani: vifaa viwili vyenye matundu tofauti hutoa asilimia tofauti kwa silinda ileile, na watengenezaji wengi hawaandiki kipimo cha tundu lao popote. Ukubwa wa silinda nao unahusika. Silinda ya milimita 61 ya Honda CB750 na ile ya milimita 85 ya Gold Star, zikiwa na uchakavu unaolingana kwa uwiano, hazitasoma sawa, kwa sababu mzunguko mkubwa na mwanya mkubwa wa ringi hupitisha hewa nyingi zaidi katika tundu lilelile. Kwa hiyo rangi zile hazifai kuwa hukumu. Kinachofaa ni kutumia kifaa kimoja muda wote, kuandika usomaji wa kila silinda kwenye daftari la pikipiki, na kuangalia mabadiliko. Pia sukuma pistoni nywele moja mbele na moja nyuma ya kilele huku ukitazama saa. Usomaji ukirukaruka, ringi hazikai imara kwenye mifereji yake, na habari hiyo ina uzito kuliko namba yoyote iliyotulia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kifaa hiki hakilioni kabisa. Pistoni ya kawaida ya mipigo minne ina ringi mbili za juu zinazozuia gesi na ringi ya tatu, yenye matundu au nyufa, inayokwangua oili na kuirudisha chini. Hewa ya kipimo inazuiwa na zile mbili za juu. Ringi ya tatu haikujengwa kuzuia gesi, hivyo ikiwa imekwisha kingo zake, au matundu yake yamezibwa na masizi ya miaka mingi, saa ya pili haitasogea hata kidogo. Ndiyo maana hutokea pikipiki yenye uvujaji wa asilimia 8, nguvu nzuri na kiki nzito, ambayo hata hivyo huacha wingu la bluu nyuma yake na kupunguza oili kila wiki. Hutokea pia kinyume chake: injini dhaifu yenye uvujaji wa asilimia 25 ambayo haitoi moshi wowote, kwa sababu ringi yake ya oili na bushi za vali (mirija inayoongoza mashina ya vali) bado ni nzima. Kuziba gesi na kudhibiti oili ni kazi mbili tofauti, na anayenunua kipimo hiki akidhani kinapima zote mbili atakiona kifaa kibaya wakati si kibaya.

Ili kifaa kiwe na maana katika suala la oili, lazima kiambatane na uchunguzi wa moshi wenyewe. Moshi unaotoka kwa muda mfupi baada ya pikipiki kulala usiku huelekeza kwenye bushi zinazoongoza mashina ya vali, au kwenye sili zake kama zipo. Injini nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 hazikuwa na sili hizo kabisa. Moshi unaozidi unapofungua mafuta kwenye mlima huelekeza kwenye ringi. Moshi unaotokea unapofungua mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu kabureta ikiwa imefungwa huhusishwa sana na bushi ya vali ya kuingizia, kwa kuwa mvuto wa hewa ndani ya silinda huwa mkubwa sana wakati huo na hunyonya oili kando ya shina. Hapa ninaongeza tahadhari ambayo haitajwi vya kutosha: mvuto huohuo hunyonya oili kutoka chini kupitia ringi ya oili iliyochoka, kwa hiyo dalili hii peke yake haitoshi kuwaachia huru ringi. Kamera ndogo ya kuingiza kwenye shimo la plagi husaidia kutenganisha. Kichwa cha pistoni kilichooshwa safi na chenye unyevu pembezoni, huku katikati kukiwa na masizi, kinaonyesha oili inayopanda kutoka kwenye ringi. Masizi mazito yenye mafuta nyuma ya vali ya kuingizia yanaonyesha oili inayoshuka kwenye shina. Plagi yenyewe itazamwe pia, kwa kuwa weusi wenye unyevu ni oili na weusi mkavu wa unga ni mchanganyiko wenye petroli nyingi.

Kuna vyanzo vya moshi ambavyo havihusu uchakavu wowote, na ningependa kila mwenye kipimo hiki avimalize kwanza kabla ya kukitoa kwenye sanduku. Kwenye injini zenye tangi la oili lililo nje ya injini, Norton Commando ikiwa mfano unaojulikana sana, oili hushuka taratibu kupitia kwenye pampu pikipiki inapokaa bila kuwashwa, na kujaa chini ya krenki. Ukiwasha, krenki huirusha oili hiyo yote kwenye silinda na moshi hujaa uani mpaka pampu ya kurudisha imalize kazi yake. Anayetazama kwa haraka ataona ringi zilizokwisha. Kuifungua nati ya chini na kupima kiasi kinachotoka hutoa jibu bila kugusa hedi. Kwenye BMW zenye silinda zilizolala pande mbili, kuegesha kwa stendi ya pembeni huinamisha silinda ya kushoto, na oili hupenya hadi chumba cha mwako. Moshi wa upande huo peke yake asubuhi hutoweka kwa kutumia stendi ya katikati. Bomba la kupumulia lililoziba huongeza shinikizo ndani ya krenkikesi na kusukuma oili juu kupitia ringi nzuri. Oili iliyozidi alama hufanya vivyo hivyo.

Kipimo halisi cha ulaji wa oili kinabaki kuwa chupa yenye alama za mililita na kitabu cha kilomita. Jaza hadi alama injini ikiwa ya moto na pikipiki imesimama wima, uendeshe kilomita 1,000, kisha ujaze tena katika hali ileile na kuandika kiasi kilichoingia, ukiwa umehakikisha kwamba hakuna oili inayovuja nje. Mimi huanza kufikiria kufungua injini ya zamani inapopita nusu lita kwa umbali huo, au kiasi kinapoongezeka mara mbili kati ya vipimo viwili vinavyofuatana. Namba hiyo ikiwekwa kando ya asilimia za uvujaji, picha hukamilika: oili nyingi pamoja na mluzi mkubwa kwenye krenkikesi ni ringi za juu na pengine silinda yenyewe, oili nyingi bila mluzi ni ringi ya oili au bushi za vali.

Silinda ikifunguliwa, kuna hesabu moja inayoonyesha kama kifaa kilisema kweli, na inaweza kufanywa na yeyote mwenye fila geji. Sukuma ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya kati ya ncha zake chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki na silinda haijalika. Kisha upime tena karibu na juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, ambapo uchakavu ni mkubwa zaidi. Gawanya tofauti ya vipimo hivyo kwa 3.14, nawe utapata ni kiasi gani kipenyo cha silinda kimepanuka. Mwanya ukiongezeka kwa milimita 0.31, silinda imepanuka kwa takriban milimita 0.1. Kwa mwanya mdogo kabisa unaofaa, kanuni ya jumla ni milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, yaani karibu 0.24 kwa silinda ya 61 na 0.34 kwa ile ya 85, ingawa kitabu cha injini husika kikiwepo ndicho kifuatwe. Matokeo haya ndiyo yanayoamua kama ringi mpya zitatosha au silinda lazima ichongwe na kuwekewa pistoni ya saizi ya juu. Kuweka ringi mpya ndani ya silinda iliyopanuka juu na kubaki na ukingo ni kazi ya kupoteza: ringi mpya yenye kona kali hugonga ukingo ule na inaweza kuvunjika. Ikiwa uvujaji ulikuwa wa wastani na ringi zimekutwa zimeganda tu kwa masizi kwenye mifereji, mara nyingi kusafisha mifereji na kukwaruza upya silinda iliyong'aa kama kioo kunatosha.

Kwa injini za mipigo miwili sikipendekezi kifaa hiki. Moshi wao ni sehemu ya kazi yao, na tatizo la kawaida la oili kuzidi ni sili ya krenki upande wa klachi kuchoka na kunyonya oili ya giaboksi. Hilo hupimwa kwa kuziba injini na kuijaza hewa ya shinikizo dogo, chini ya nusu baa, wakati regyuleta ya kipimo hiki haitulii chini ya baa moja.

Kuhusu ubora wa kifaa chenyewe, regyuleta inashika vizuri, na saa ni kubwa za kusomeka bila kuinama. Kiunganishi cha haraka kati ya mpira na saa kilivuja tangu mwanzo, jambo ambalo lingeongeza asilimia kadhaa za uongo kwa kila silinda. Maji ya sabuni yaliufichua uvujaji huo, na mpira mdogo wa duara ulipobadilishwa ukaisha. Kila mnunuzi azibe ncha ya mpira na kuangalia kama saa zote mbili zinasoma sawa kabla ya kupima injini yoyote. Hewa lazima itoke kwenye kompresa yenye tangi, kwa kuwa pampu ya mkono haiwezi kudumisha mtiririko.

Viunganishi vilivyomo ni vya nyuzi za milimita 14 na 12 pekee. Vinatosha kwa pikipiki nyingi za Uingereza na kwa Honda nyingi za silinda mbili na nne za miaka ya 1970, lakini Honda ndogo kama C50 na C70 hutumia plagi ya milimita 10, na kiunganishi chake lazima kinunuliwe kando. Urefu wa nyuzi nao uangaliwe: kiunganishi cha milimita 19 kikiingizwa kwenye hedi iliyotengenezwa kwa plagi ya milimita 12.7 hutokeza ndani ya chumba cha mwako, na pistoni ikiletwa juu inaweza kukigonga. Kizungushe kwa vidole kwanza, na krenki uizungushe kwa mkono pole pole mpaka uwe na uhakika kwamba pistoni inapita.